Yaris ya Safari na Vitz ya Kibuye

Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kuwa nje tangu ilipoendeshwa mara ya mwisho mwaka 2002. Kuanzia hapo hadi 2025 Toyota ilishinda kila mwaka huko Naivasha, inakoendeshwa Safari, na mwaka 2022 na 2023 magari yake yalizoa nafasi zote nne za kwanza. Ubavuni mwa magari hayo limeandikwa jina Yaris. Hapa Kisumu gari hilo tunalijua kama Vitz, maana Japani iliiuza Yaris kwa jina hilo kuanzia 1999 hadi mapema 2020, na magari yetu mengi huja kutoka huko yakiwa yameshatumika. Basi Safari ikipita, mjadala huzuka kwenye gereji, kwenye stendi na hata ufuoni: gari lililoshinda kule Naivasha ni hili hili linalobeba abiria kutoka Kondele, au ni jina tu?

Wengine huliona swali hili kuwa la kupitishia wakati. Mimi silioni hivyo. Kwa wengi wetu gari ndilo deni kubwa kuliko yote tutakayowahi kulipa, na ushindi wa mashindano hutumika kutushawishi tuingie katika deni hilo. Ndiyo maana nimeyapanga maoni yanayosikika hapa mjini katika sauti nne: dereva wa Probox, fundi mzee wa jua kali wa Kibuye, mwalimu wa ufundi wa magari, na mama mchuuzi wa samaki. Kila mmoja nimempa hoja yake kwa nguvu zake zote. Mwishoni nitasema nilikosimama.

Hoja iliyo mezani: gari la mashindano ni lile lile la barabarani lenye jina lake.

DEREVA: Naunga mkono. Mimi naendesha Probox kati ya Kisumu na Bondo, na kuna siku nakata Ndori nateremka hadi Luanda Kotieno. Gari langu halikutoka kiwandani lilivyo sasa. Nimeinua springi, nimefunga shokabu ngumu, nimechomelea chuma cha kukinga sampu. Kitabu cha gari bado kinasoma Probox, na abiria bado wanapanda Probox. Hao wa Naivasha wamefanya vivyo hivyo, ila wana pesa zaidi. Wameweka turbo, wamepandisha bomba la kuvutia hewa hadi karibu na paa ili injini isimeze vumbi na maji, wamefunga vyuma ndani dereva asife likipinduka. Kuongeza kitu juu ya gari hakulifanyi kuwa gari jingine. Toyota ndiyo iliyolijenga, na Toyota ndiyo iliyolipa jina. Mimi ni nani nilinyang'anye?

FUNDI: Omera, wewe umeongeza juu ya kilichokuwapo. Hapo ndipo tunapoachana. Niletee ile ya Naivasha hapa Kibuye, tuiegeshe ubavuni mwa Vitz ya lita moja, nifungue boneti zote mbili. Kwenye Vitz nitakuta injini ya 1KR yenye pistoni tatu, nguvu zake zikienda magurudumu ya mbele tu. Nyuma kuna mhimili mmoja uliofunga magurudumu mawili, kwa hivyo la kushoto likipiga shimo, la kulia linasikia. Kwenye ile nyingine nitakuta injini ya lita 1.6 yenye turbo na pistoni nne. Magurudumu yote manne yanavuta, na kila moja lina shokabu yake ndefu inayojitegemea. Kisha niingie chini nitafute bodi yenyewe. Siikuti. Tangu mwaka 2022, magari ya daraja la juu, lile wanaloliita Rally1, hujengwa juu ya kizimba cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa, halafu kizimba kinavikwa mabati na plastiki zenye sura ya Yaris. Sasa niambie, nikitaka kutoa spea kwenye gari moja nifunge kwenye jingine, nitoe nini? Nitatoa nembo.

MWALIMU: Jaduong', hapo siwezi kukupinga. Ila nyote wawili mnazungumza kana kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu zamani. Uhusiano wa gari la mashindano na gari la dukani huwekwa na kanuni, na kanuni zimebadilika mara nyingi. Safari ilipoanza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yalivyouzwa dukani, na madaraja yake yalipangwa kwa bei ya gari. Wenzetu kwingineko walipanga kwa ukubwa wa injini. Hapa swali lilikuwa la mnunuzi: ukiwa na kiasi hiki cha fedha, gari gani litakufikisha? Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, kile kigari cha mgongo wa kobe. Mtazamaji angeweza kwenda dukani akanunua kama hicho.

DEREVA: Na Joginder Singh je? Yule alikuwa mtu wa huku kwetu.

MWALIMU: Alizaliwa Kericho mwaka 1932, kilomita zipatazo 80 kutoka hapa. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyotumika. Gari hilo lilikuwa limeshiriki Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa timu ya kiwanda, nao wakalinunua na kulitengeneza upya. Mwaka 1974 na 1976 Joginder alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Bodi ya Volvo ile na bodi ya Lancer zile zilitoka kwenye mstari ule ule wa kiwanda uliotoa magari ya wateja.

DEREVA: Basi mmenipa ushindi wenyewe. Waulizeni wazee waliokuwa wakisafiri kwa Peugeot. Gari lile lilibeba watu wa Kisumu kwenda Nairobi miaka na mikaka, na watu hawakulichagua kwa kubahatisha. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, na wa 1966, na wa 1967, na wa 1968. Katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Saba! Lililopita mbele kwenye matope yale ndilo tulilopanda. Halafu 504 ikashinda mwaka 1975. Kama huo si undugu, undugu ni upi?

FUNDI: Kwa 404 nakubali, na kwa 504 ya 1975 nakubali. Sasa taja na ya 1978 iliyoshinda na Jean-Pierre Nicolas. Ile ilikuwa kupe ya milango miwili yenye injini ya pistoni sita. Hizo 504 nilizofungua mimi maishani, zilizobeba abiria na magunia, zilikuwa na pistoni nne. Jina lilikuwa 504 kote kote. Fundi hatengenezi jina.

MWALIMU: Basi, jaduong', kipimo chako cha spea nacho kina tatizo. Unakumbuka 504 ya familia, ile ndefu ya safu tatu za viti?

FUNDI: Naikumbuka vizuri. Nyuma ilikuwa na ekseli nzima na springi nne za kujiviringa.

MWALIMU: Na ile fupi ya milango minne?

FUNDI: Yenyewe nyuma kila gurudumu lilijitegemea.

MWALIMU: Unaona? Hayo ni magari mawili ya barabarani, ya kiwanda kimoja na jina moja, na huwezi kuhamisha ekseli ya nyuma kutoka moja hadi jingine. Hakuna aliyesema moja si 504. Kama tofauti ya vipuri peke yake ingetosha kuvunja undugu, hata magari ya dukani yangekosa majina yao.

MAMA: Naomba niingie, maana mmezama kwenye vyuma. Ndugu yangu ana mashua pale Dunga. Nimeiona ikibadilishwa mbao moja moja kwa miaka. Ubao wa ubavuni ukioza unatolewa, mwingine unapigiliwa misumari, pamba inashindiliwa kwenye nyufa, mashua inarudi majini na namba yake ile ile. Hatujawahi kusema ni mashua nyingine. Halafu ikafika siku mkuku wenyewe ukaharibika. Fundi alichukua msumari akausukuma kwa dole gumba, ukazama kwenye mti bila nyundo. Akasema hapa hakuna ukarabati, tunajenga mpya. Ubao wa namba ulihamishiwa kwenye mashua mpya, lakini wavuvi wote wanajua kuwa ya zamani imekwisha. Kwa hivyo nawauliza ninyi wa magari: mkuku wa gari ni nini?

FUNDI: Umeuliza vizuri, mama. Ni bodi yenye namba ya chasisi. Vitz ya lita moja ya kizazi kilichoanza 2005, namba yake inaanza na KSP90, imegongwa kwenye chuma chenyewe. Injini nimeshabadilisha mara nyingi. Gia boksi nimebadilisha. Milango, bampa, hata paa la gari lililopinduka nimelikata nikabandika jingine. Lakini ukinileta na namba nyingine kwenye chuma kile, hilo si gari lako tena.

MWALIMU: Nasi tukishika kipimo cha mama, historia inanyooka. Volvo ya 1965 inapita, Lancer ya 1974 inapita. Magari ya Kundi A ya baada ya 1986 yanapita, kwa sababu kanuni ilidai kiwanda kitengeneze magari 5,000 ya namna hiyo ndani ya miezi 12 kabla ya kuruhusiwa kushindana. Toyota Celica GT-Four ambayo Ian Duncan, Mkenya, alishinda nayo mwaka 1994 ilikuwa ya ukoo huo. Kabla yake kulikuwa na Kundi B, lililodai magari 200 tu. Hapo kamba ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwapo. Mwaka 1997 ilikuja kanuni mpya: kiwanda kiliweza kuchukua gari la familia la magurudumu ya mbele, kikalipa turbo na magurudumu manne ya kuvuta, bila kumuuzia mteja hata moja la namna hiyo. Bodi, hata hivyo, ilianzia kwenye ile ya kiwandani, na ikaendelea hivyo hadi 2021. Mwaka 2022 mkuku wenyewe ukabadilishwa.

DEREVA: Kwa hiyo mnasema Rovanperä, yule dereva wa Toyota, hakushinda Naivasha kwa Yaris?

MWALIMU: Alishinda kwa GR Yaris Rally1, na jina hilo zima lina maana yake. Sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2020 Toyota ilitoa gari la barabarani liitwalo GR Yaris. Lina milango mitatu, magurudumu manne ya kuvuta, na injini ya lita 1.6 yenye turbo na pistoni tatu. Sehemu ya mbele ya sakafu yake ni ya Yaris, na ya nyuma ni ya gari kubwa zaidi, la ukoo wa Corolla. Lilibuniwa ili gari la mashindano lipate msingi wa kujengwa juu yake. Yaani hapa mashindano ndiyo yaliyozaa gari la dukani. Lakini gari la mashindano lililokusudiwa liliachwa, kwa sababu kanuni mpya zilikuwa mlangoni. Kwa hiyo Rally1 inabeba jina la GR Yaris, na haina injini yake wala bodi yake. Kisha mwaka 2024 ikaja GR Yaris Rally2, ya daraja la chini yake, na hiyo imejengwa kwa bodi ile ya barabarani na injini ile ya pistoni tatu. Magari mawili ya mashindano, jina moja, kiwanda kimoja. Moja lina mkuku wa mwenye jina na jingine halina. Na lisilo nao ndilo linalochukua kombe kubwa.

FUNDI: Chema chajiuza. Kwa nini wasiiache ile ya pistoni tatu ijiuze yenyewe?

DEREVA: Mnasahau kitu kimoja. Mwaka 1993 Subaru ilileta Vivio, kigari cha injini isiyofika hata lita moja, chenye magurudumu manne ya kuvuta. Patrick Njiru akakiendesha hadi mwisho, nafasi ya 12, mbele ya magari yaliyokizidi mara mbili. Tulijua siku ile kuwa kidogo kinaweza. Mashindano hufundisha, hata gari likiwa limebadilishwa. Na wahandisi wanaorudi Japani kutoka Naivasha wanarudi na elimu ya vumbi letu na mawe yetu. Elimu hiyo inaingia kwenye magari yetu ya kesho.

MAMA: Elimu ni kweli, omera, sikupingi. Lakini mimi nimekopa kwenye sacco ninunue gari la kubebea mbuta na barafu kutoka Luanda Kotieno. Nikifika kwenye yadi naambiwa, mama, chukua hii, ndiyo iliyoshinda Safari. Mkopo ninaulipa sasa. Elimu itakayoingia kwenye gari la kesho hainibebei makreti ya leo. Ninachotaka kujua ni kama ushindi ule unanishuhudia chochote kuhusu gari lililo mbele yangu. Kama hapana, kwa nini niambiwe?

MWALIMU: Na si Kenya peke yake. Marekani, mbio za NASCAR zina gari liitwalo Toyota Camry. Lina injini ya V8 na nguvu zake zinaenda magurudumu ya nyuma. Camry ya mteja huvuta kwa mbele, na haijawahi kuuzwa ikiwa na V8. Hata penye mkuku wa kweli, jina linaweza kudanganya. Mwaka 1998 Richard Burns alishinda Safari kwa gari lililoandikwa Mitsubishi Carisma GT. Chini ya jina hilo kulikuwa na Lancer Evolution, bodi na mashine. Mitsubishi ilikuwa ikiuza Carisma Ulaya, gari la kwenda kazini na kurudi, nayo ikataka jina hilo lionekane kwenye vumbi. Gari lilikuwa la kweli, kutoka kiwandani kabisa. Jina ndilo lililokuwa la kuazima.

Hapo nawaacha wanne hao, niseme langu.

Dereva ana haki kwamba gari halibadiliki kuwa jingine kwa kuongezewa. Mwalimu amenionyesha kwamba spea peke yake si kipimo. Fundi na mama wamenipa kipimo ninachokubali: gari la mashindano ni la jina lake pale bodi yake inapotoka kwenye mstari ule ule unaomtengenezea mteja mwenye jina hilo. Kwa kipimo hicho, Volvo ya Joginder ilikuwa Volvo, Peugeot 404 ilikuwa 404, na Celica ya Duncan ilikuwa Celica. Zile za 1997 hadi 2021 ninazihesabu kuwa nusu ndugu, kwa kuwa zilikuwa na mkuku wa jamaa zao ilhali nguvu zao zilikuwa za kwao peke yao. Carisma ya 1998 haikuwa Carisma. Na Yaris ya daraja la juu inayoshinda Naivasha leo si Yaris, achilia mbali Vitz.

Sisemi hivyo kwa kuidharau. Kizimba kile cha chuma kupita kwenye vumbi laini la Kedong, kule Naivasha, kwa kasi ile, kisha kufika jioni kikiwa kizima, ni kazi ya akili kubwa na mikono hodari. Kinastahili kombe chenyewe, na kinastahili jina lake chenyewe. Kosa liko kwenye hatua inayofuata, pale ushindi wa kizimba unapohamishiwa kwenye gari la bei nafuu ambalo halikukanyaga njia ile, kisha ukawekwa mbele ya mtu anayekopa. Jina kwenye gari ni ushahidi. Linamwambia mnunuzi kuwa kilichojaribiwa ndicho anachouziwa. Likitumika pasipo hilo, shahidi anazungumzia jambo ambalo hakuliona.

Nawaomba wenzangu wa magazeti na redio walitaje gari la ushindi kwa jina lake zima, Rally1 au Rally2, na waeleze kwa sentensi moja linashiriki nini na mwenzake wa barabarani. Sentensi hiyo haichukui hata nusu dakika ya matangazo. Nawaomba pia wanaosimamia mchezo huu nchini wakumbuke kanuni ya 1953, ambayo ilitungwa hapa kwetu kwa ajili ya barabara zetu. Liwepo daraja la magari kama yalivyo, yaliyopangwa kwa bei ya sokoni, yenye vyuma vya usalama na si zaidi. Ziingie Vitz, Probox, Fielder na Demio, zipigwe na mawe ya kweli, na matokeo yachapishwe kuanzia la kwanza hadi lililokufa njiani.

Dereva wetu angeshinda daraja hilo, naamini, akiwa na Probox yake. Na mama angesoma matokeo yale kabla ya kutia sahihi kwenye fomu ya sacco, akajua kwa hakika gari gani la bei anayoiweza lilifika, na gani liliachwa kwenye matope.